Sufuria tatu kila jioni

"Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa huku Mwanza, tunaishi Nyegezi. Tangu mama mkwe aje kutoka Ukerewe kukaa nasi, kila jioni napika mara tatu: ugali wa udaga (unga wa muhogo uliovundikwa) na dagaa wake, wali na samaki wa nazi kwa ajili yangu na baba watoto, na chipsi za watoto. Mkaa hautoshi, nimechoka. Juzi mama alionja samaki wangu, akasogeza sahani, akasema, 'Nazi imewaficha samaki.' Nilienda kulia chooni. Nifanyeje? Mama Wawili."

Binti yangu, pole sana. Umeshinda jikoni, umetoka jasho, halafu sahani inasogezwa mbele ya watoto wako. Inauma.

Lakini neno la mama mkwe nimelirudia mara kadhaa na silioni kuwa tusi. Mtu aliyekulia kisiwani amezoea sato aliyetoka ziwani asubuhi, kachemshwa kwa chumvi, nyanya na kitunguu, basi. Anataka ladha ya samaki. Kakueleza anachopenda, ila kakieleza kwa ukali. Na mumeo alikuwepo? Barua haisemi.

Tuanze na jiko. Nazi inatoka mbali mpaka ifike Mwanza, na bei yake unaijua. Kazi ambayo tui linaifanya kwenu Tanga, Usukumani inafanywa na karanga. Zikaange kidogo, zipepete, zitwange mpaka zianze kutoa mafuta, kisha zikoroge kwa maji ya uvuguvugu. Zikishaingia kwenye mboga, moto uwe mdogo na mwiko usitoke mkononi, maana zinashika chini haraka. Mafuta yakielea juu, zimeiva.

Sasa dagaa. Nunua walioanikwa kwenye chanja. Ukiwakosa ukachukua wa mchangani, waloweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, uwachote kwa juu kwa mikono ili mchanga ubaki chini; ukiinamisha beseni unaurudisha wote. Toa vichwa na matumbo, kwa sababu ule uchungu wanaoukataa watoto uko humo. Kisha wakaange wote kwa pamoja mpaka wakauke.

Hapo ndipo unapogawa. Watoto wape wakavu hivyo hivyo, chumvi na ndimu kwa juu, watawatafuna kama bisi. Waliobaki waunge kwa kitunguu na nyanya, chota sehemu ya mama, halafu ndipo utie karanga kwa ajili yako na baba watoto. Moto ni ule ule mmoja.

Ugali anza uji kwa unga wa mahindi, usongee udaga; mara ya kwanza udaga uwe kidogo, watoto wasishtuke. Siku mama akitamani udaga mtupu, mpe mwiko asonge mwenyewe. Wali uupike siku mojamoja, chipsi ziwe za Jumamosi. Na umwombe mama awaandalie wajukuu matobolwa. Viazi vitamu vikichemshwa, vikakatwa na kuanikwa, vinakuwa vitamu kweli, na mtoto wa chipsi hatavikataa.

Baba watoto ongea naye mkiwa wawili, si mezani. Mwambie wazi: mama akisema neno kuhusu chakula chako, yeye ndiye wa kumjibu, kwa heshima, kwa sababu ni mama yake. Wewe ukijibu itakuwa ugomvi. Akinyamaza, na watoto watajifunza kukusogezea sahani. Hili nalisisitiza kuliko mapishi yote.

Kisha chagua siku za giza, usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu dagaa huadimika na bei hupanda, umchukue mama mkwe mwende soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ninyi wawili tu. Usichague wewe. Atachota kiganja, atanusa, atavunja mmoja kwa vidole. Muulize kwa nini amewaacha hawa akawachukua wale, halafu uniandikie alichokujibu.