Beseni la Kilo Moja na Nusu

Mhariri,

Juma lililopita mliwauliza wasomaji swali hili: "Mkristo aliyetenda dhambi kwa siri, naye amekwisha kutubu mbele za Mungu peke yake, je, ana haja ya kumwambia mwanadamu?" Nimeyasoma majibu mafupi mliyoyachapa, na mengi yake yanasema kwamba Mungu akisamehe imetosha. Ningeliulizwa swali hili miaka mitano iliyopita ningelijibu vivyo hivyo, tena kwa haraka, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa likinifaa. Leo najibu kwamba ana haja, ingawa si ya kumwambia kila mtu, nami siwezi kueleza kwa nini nasema hivyo bila kujieleza mwenyewe.

Mimi ni mnunuzi wa samaki hapa Malindi. Wavuvi wanaposhusha asubuhi, mimi na wenzangu huwa tunawangoja ufuoni na mizani. Tunapima, tunalipa, kisha tunapeleka sokoni na hotelini. Samaki wadogo kama tafi na changu hawapimwi mmoja mmoja, bali hutiwa katika beseni, beseni likatundikwa kwenye mizani, kisha uzito wa beseni ukatolewa katika hesabu. Beseni langu lilikuwa na uzito wa kilo moja. Mimi nilikuwa nikitoa kilo moja na nusu. Mvuvi akiuliza, jambo lililokuwa nadra kwa sababu mtu aliyekesha baharini anataka fedha yake akalale, nilimjibu kwamba nimetoa beseni na maji. Samaki ametoka majini, hana budi kuwa na maji, nani angebisha? Kwa muda wa miaka miwili nusu kilo ile iliitwa maji, na miaka hiyo hiyo miwili nilikuwa mzee wa kanisa, nikisimama mbele ya ushirika kusoma somo la kwanza.

Naomba wasomaji wanielewe kwamba sikuwa mtu asiyetubu. Nilitubu mara nyingi, usiku, kitandani, kwa machozi ya kweli. Asubuhi nilichukua beseni lile lile nikashuka ufuoni. Jumapili nilisema pamoja na wenzangu yale maneno ya maungamo ya jumla, kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, nami baadaye nikatambua kwamba lile "tu" la mwanzo lilikuwa pango langu. Mtu anaweza kusema "tumekosa" miaka arobaini bila kusema "nimeiba" hata siku moja. Siyalaumu maungamo hayo, kwani ni mema na ya kale, lakini yametungwa ili kila mmoja alete lake ndani yake, nami nilikuwa nikija mikono mitupu.

Tena sisi watu wa pwani tuna neno ambalo huenda ndugu zetu wa bara hawalihisi kama tunavyolihisi, nalo ni sitara. Jirani zangu wengi ni Waislamu, na tangu utoto nimesikia watu wakiombeana, "Mungu akusitiri." Mtu wa heshima huku hatangazi aibu yake wala ya mwenzake. Mimi Mgiriama niliyekulia mjini nililivaa neno hilo kama kanzu ya kuazima na kujiambia kwamba Mungu amenisitiri, kwa hiyo nikijifunua nitakuwa nimeikataa neema yake. Kwa kweli ilikuwa hoja nzuri, na ndiyo iliyonichelewesha kuliko woga.

Mchungaji wetu ndiye aliyeivunja, kwa kunisomea Zaburi ya 32 katika tafsiri ya mwaka 1952 tunayoitumia wengi. Mstari wa kwanza unasema, "Heri aliyesamehewa dhambi, na kusitiriwa makosa yake." Mstari wa tano unasema, "Nalikujulisha dhambi yangu, wala sikuuficha upotovu wangu." Akanieleza kwamba katika Kiebrania vitenzi hivyo viwili, kusitiri na kuficha, ni kitenzi kimoja tu chenye maana ya kufunika, na kwamba ndicho kinachorudi katika Mithali 28:13, "Afichaye dhambi zake hatafanikiwa." Tofauti imo katika nani anayefunika. Mungu akifunika, Zaburi inasema heri. Mwenye dhambi akijifunikia mwenyewe, mifupa inachakaa, kama asemavyo Daudi katika mstari wa tatu. Waliotutafsiria walikuwa na bahati ya kuwa na Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kilikuwa tayari kimeyatenga mambo hayo mawili: mtu husitiriwa na mwingine, lakini huficha mwenyewe. Adamu na mkewe walijishonea majani ya mtini, na sura hiyo hiyo ya Mwanzo haiishi kabla Mungu hajawavika mavazi ya ngozi. Lakini kwanza aliwauliza wako wapi, wakatoka mitini.

Nimetangulia mbele ya kisa, nirudi nyuma. Hakuna aliyenikamata. Kilichonipeleka kwa mchungaji ni kijana niliyemwajiri anisaidie kupima. Siku moja nilichelewa kufika, nikamkuta anapima peke yake, na mvuvi mmoja akamwuliza mbona kilo zimepungua. Yule kijana akajibu, kwa sauti yangu na kwa kituo changu, "Nimetoa beseni na maji." Alikuwa ametoa kilo mbili, kilo moja na nusu kwa ajili yangu na nusu kwa ajili yake. Nilifumbua kinywa nimkemee, nikakuta sina neno la kumkemea nalo. Wahenga husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekwisha kukivisha na mtoto wa watu.

Kwa mchungaji nilianza vibaya. Nilisema, "Nina udhaifu fulani katika biashara." Akanyamaza. Nikasema nimekuwa nikijaribiwa. Akaniuliza, "Umefanya nini?" Nilizunguka mara ya tatu, ndipo nikasema nimewaibia wavuvi. Sikuwahi kulitamka neno hilo hata katika maombi, maana mbele za Mungu, ajuaye yote, niliona hakuna haja ya kutaja, nami nilijificha hata ndani ya ujuzi wake. Hapa ndipo ninapopata sehemu kubwa ya jibu langu kwa swali lenu. Mungu hakuhitaji kuambiwa jina la dhambi yangu. Mimi ndiye niliyehitaji kulisikia likitoka kinywani mwangu, mbele ya mtu ambaye uso wake ungebadilika. Yakobo anaandika tuungamane sisi kwa sisi na kuombeana ili tupate kuponywa. Msamaha nilikuwa nikiuomba kila usiku. Kuponywa sikukupata mpaka siku ile.

Swali lake la pili sikulitarajia. Aliniuliza, "Kiasi gani?" Nilikuwa nimejiandaa kwa pole au kwa karipio, nikapewa hesabu. Kwa kuwa naandika daftari, tulikaa jioni mbili tukihesabu, tukapata kwamba nilipima mara 4,000 hivi kwa miaka ile miwili, yaani kilo 2,000, nazo kwa bei ya wastani ya shilingi 250 zilikuwa shilingi 500,000. Nilikuwa nikidhani ni nusu kilo. Mchungaji akanifungulia Hesabu 5:7, inayomwagiza aliyekosa aungame, kisha arudishe kwa utimilifu na kuongeza sehemu ya tano. Wako watakaosema kwamba sisi hatuko chini ya torati, nami sibishani nao, ila Zakayo naye hakuwa amelazimishwa na mtu aliposimama akaahidi kurudisha mara nne. Mimi nikamshukuru Musa kwa kunitoza moja ya tano tu. Jumla ikawa shilingi 600,000, ambazo sikuwa nazo.

Hapo ndipo ilinilazimu kumwambia mke wangu, maana fedha hiyo ingetoka katika nyumba yake na karo za watoto wake. Nilimweleza kwa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, beseni lile huliosha mimi. Naujua uzito wake, na daftari nalisoma." Hakuongeza kitu. Mpaka leo sijapata ujasiri wa kumwuliza kama miaka ile alikuwa akinisitiri au akinificha, na nadhani naye hapendi niulize. Ninachojua ni kwamba dhambi niliyoiita ya siri haikuwa siri nyumbani mwangu; siri ilikuwa kwamba sote wawili tulijua.

Kwa wavuvi nilikwenda mmoja mmoja, bila kutangaza kanisani. Nilijiuzulu uzee, na ushirika ukaambiwa tu kwamba nimeomba kupumzika. Wapo walioona kwamba hiyo ni njia nyingine ya kuficha. Mimi naona kwamba wenye haki ya kusikia ni walioibiwa, na hao walisikia kwa kinywa changu. Waliobaki wangepata hadithi tu. Nahodha mmoja mzee, Mwislamu, mtu anayeheshimika sana pale ufuoni, alinipokea barazani kwake. Nilipomaliza akasema, "Mwanangu, Mungu alikuwa amekusitiri, nawe umekuja kujifunua. Ungeleta tu fedha." Kisha akazihesabu fedha polepole, noti kwa noti, akaongeza, "Lakini haki ya mja hurudi kwa mja. Hilo umefanya." Tangu siku ile hunisalimu kwanza, naye ni mkubwa wangu kwa miaka ishirini. Wengine hawakuwa kama yeye. Mmoja alizichukua na kuniambia mbele ya watu kwamba alikuwa akijua, na kwamba Wakristo tunaimba vizuri. Sikuwa na jibu, wala halikuhitajika.

Sasa niseme kwa nini nimeandika kwamba si kila mtu aambiwe. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafundisha wazee wetu "kutembea nuruni," yaani kuungama dhambi zao waziwazi mbele ya wenzao, na matunda yake yalikuwa makubwa: watu walirudisha vitu walivyoiba na kupatana na adui zao. Lakini maungamo ya mbele ya umati yalikuwa na hatari zake, kwa kuwa msikilizaji huweza kuonja dhambi ya mwenzake kama kitoweo, na muungamaji huweza kuipamba. Na hapa kwetu Kaunti ya Kilifi tuna sababu nzito zaidi ya kutahadhari. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja na watoto wao, na wengi wao uchunguzi ulionyesha kwamba walikufa kwa njaa. Tangu hapo nikisikia mhubiri anawataka watu wamkabidhi siri zao pamoja na mashamba yao, naondoka. Usimwambie siri yako mtu atakayepata faida kwa kuijua. Ndugu zetu Wakatoliki wamelitunza jambo hili vizuri kuliko sisi: Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, uliowaagiza waumini waungame angalau mara moja kwa mwaka, ndio huo huo uliomwekea adhabu kali padre atakayefichua alichoambiwa. Sisi wengine hatuna sheria kama hiyo, kwa hiyo inatupasa kumchagua mtu ambaye amekwisha kuonekana akinyamaza.

Jambo la kutoahirisha nitalisema kwa ufupi. Katika Yoshua 7, Akani, aliyeiba katika nyara za Yeriko zilizokatazwa, aliungama vizuri sana, akataja joho la Shinari, shekeli mia mbili za fedha na kabari ya dhahabu, hata akasema mahali alipovifukia hemani. Lakini aliyasema hayo baada ya kura kumwangukia, baada ya watu 36 kufa huko Ai. Kila neno lake lilikuwa kweli, nalo lilikuwa limechelewa.

Je, jaribu limeondoka? Halijaondoka. Asubuhi samaki wakiwa wengi na watu wana haraka, mkono wangu bado unaijua njia yake. Nilichofanya ni kwamba beseni hupimwa tupu kila siku mbele ya nahodha kabla samaki hawajatiwa, naye ndiye anayeusoma mshale, si mimi. Yule kijana bado niko naye. Nilimwambia yote kabla ya mtu mwingine yeyote kazini, naye ndiye anayelitundika. Wanunuzi wenzangu wawili walikasirika mwanzoni, kwa sababu wavuvi walianza kuwadai nao wafanye vivyo hivyo.

Malipo nimeyafikisha shilingi 470,000. Waliobaki wengi ni wavuvi wa dago, waliotoka Pemba na kupiga kambi hapa msimu mmoja kisha wakaondoka. Majina yao ninayo katika daftari, mengine ni ya utani tu, kama watu wanavyoitana chomboni. Kaskazi ikianza kuvuma hushuka ufuoni jioni, wakati vyombo vya Pemba vinapowasili, nikiwa na bahasha, nikawauliza manahodha kama wanamjua fulani. Mwaka jana nilimpata mmoja. Alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuniuzia samaki.