Kwa walimu wapya wa Kiingereza: maneno machache, yarudiwe mara nyingi

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha Kiingereza hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, utakutana na mwanafunzi anayeeleza vizuri kwa mdomo kazi ya moyo, lakini akiulizwa jambo lilelile kwa maandishi anashindwa hata kuanza. Usimwite mvivu, wala usiharakishe kusema ana ulemavu wa kujifunza. Hakikisha kwanza kwamba anaona ubao na anasikia vizuri, kisha chunguza anavyosoma Kiswahili na Kifaransa: ugumu ukiwa katika Kiingereza peke yake, huenda ni ugeni wa lugha tu, ukijirudia katika kila lugha aliyofundishwa kusoma, fikiria disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, au tatizo la aina hiyo.

Yanayowakwamisha sana wanafunzi hawa ni maneno ya kitaaluma yanayopita katika masomo yote, kama "function", "require" na "evidence". Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno hayo (familia ni neno pamoja na maumbo yake, kama "require" na "requirement"), zilizopangwa kwa vikundi kufuatana na wingi wa matumizi. Itumie kuchagulia, si kuijaza ubaoni ili ikaririwe. Kwa maoni yangu maneno matano kwa juma yanatosha, mradi yatoke katika somo wanalolisoma siku hizo.

Anza na maana, tena kwa Kiswahili, kwa sababu mtoto asiyejua neno linasema nini hana pa kushikia herufi zake. Kisha litamkeni pamoja, mligawe kwa silabi mkipiga makofi, na umpe sentensi ya kumalizia: "The function of the heart is to…" Lirudie kesho yake, baada ya siku chache, na juma linalofuata. Marudio haya huwachosha walimu wengi wakayaacha, nao watoto wanaoyahitaji kuliko wote ndio wanaopotea.

Kifaransa kitakusaidia katika maana, lakini katika tahajia kinaweza kumchanganya mwenye disleksia, kwani "environnement" na "environment" kwake ni karibu kitu kimoja. Yaandike yote mawili, moja chini ya jingine, na herufi zinazotofautiana uzitie chaki ya rangi.

Katika kusahihisha, tenga alama za maana na za tahajia. Tena mwombe prefe, yaani mkuu wa shule, mapema, kabla ya kipindi cha mitihani, akuruhusu kumuuliza mwanafunzi huyo sehemu ya maswali kwa mdomo.