Uliza Nahodha: Ukungu ukinikuta baharini na kayaki nifanyeje?

SWALI: Habari Nahodha. Juzi nilitoka na kayaki asubuhi, bahari shwari kabisa, nikafika kama kilomita 2 hivi kutoka ufukweni, mara ukungu ukanifunika hata ncha ya kayaki naiona kwa shida. Nikapiga kasia nikijua naenda nchi kavu kumbe nazunguka tu, nimetoka kwa bahati. Simu ninayo ila skrini imelowa haishikiki. Siku nyingine nifanyeje?

JIBU: Pole sana kaka. Kuzunguka wala sio kosa lako, mtu asiyeona kitu haendi mstari ulionyooka hata awe mzoefu vipi. Kosa ni kwamba ulianza kutafuta njia wakati imeshapotea. Ukungu wa baharini mara nyingi unatokea hewa ya joto yenye unyevu ikipita juu ya maji ya baridi, kwa hiyo bahari kutulia sio dalili ya usalama. Ukiona upeo unafifia, au kile kisiwa ulichokuwa unakiona hakipo tena, acha kasia, soma dira ufukwe uko wapi, ndo uondoke.

Halafu usilenge pale pale ulipotokea! Lenga pembeni makusudi, tuseme digrii 10 kushoto, kwa kilomita 2 utatokea kama mita 350 kushoto mwa sehemu yako, ukigusa ufukwe unajua ni kukata kulia tu, ila ukilenga katikati ukakosa utabaki unajiuliza nigeukie wapi. Mkondo nao uuhesabu, ukikusukuma kulia na wewe umelenga kushoto hesabu inafutika. Angalia na saa, kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kilomita hizo 2 ni dakika 25 hivi.

Masikio usiyaamini sana, kwenye ukungu sauti inaweza kuja kama inatokea upande mwingine. Ukisikia honi moja ndefu inarudiwa ndani ya kila dakika 2, hiyo ni meli ya injini inatembea, na rada yake kayaki yako inaikamata kwa shida sana, so njia ya meli usiikatize kabisa. Na wewe piga filimbi, sheria za kimataifa zinataka hata chombo kidogo kitoe sauti angalau kila baada ya dakika 2. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, iwe kifuani, sio nyuma kwenye mzigo, msaada unaombwa kwenye chaneli 16.

Dira yenyewe nunua ile ya kufunga kwenye deki mbele yako, ya mkononi utaishikaje na kasia unayo?