Shangazi, imani hii ni yangu au ni ya rafiki yangu?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 26, nimezaliwa Machame, na kwetu ni Walutheri tangu enzi za babu. Nilipopata kazi Dar nilipanga chumba Kimara na rafiki yangu, akanipeleka kanisani kwao, nikaokoka. Niliacha mambo mengi ya hovyo, sikatai. Sasa mtumishi ametuagiza tusiende makwetu Krismasi hii. Nisile ndafu ya ukoo, yule mbuzi mzima wa kuchoma, na masale, ile mimea ya mila yetu Wachagga, yaliyopandwa kaburini kwa babu eti ni madhabahu inayonifunga nisiolewe. Nilimwandikia mama kwamba dini yake imekufa. Hii ni wiki ya tatu hajanijibu. Usiku najiuliza: nikimwondoa rafiki yangu, nikamwondoa mtumishi, nikamwondoa na mama, imani inayobaki ni ya nani?*
*Binti wa Kimara*

Marahaba, mwanangu.

Ukiwaondoa wote hao, hatabaki mtu wa kuamini chochote. Sijawahi kukutana na Mkristo aliyejiokotea imani njiani peke yake. Timotheo aliipata kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, na Paulo anawataja kwa majina. Paulo mwenyewe, pamoja na mwanga wote ule wa njia ya Dameski, alikaa siku tatu haoni mpaka Anania alipokuja kumwekea mikono.

Na hao Walutheri wa kwenu, unaowaona kama waliozaliwa na kitabu cha nyimbo kwapani? Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kuna mzee wenu mmoja aliyekuwa wa kwanza kufuata maneno ya wageni, na sidhani ukoo ulimpigia vigelegele. Baadaye akaja mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi hadi 1938. Yeye aliujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, kwa makusudi kabisa. Aliona kwamba mtu aking'olewa kwa watu wake hana udongo wa kuoteshea imani. Wapo waliomkosoa, na hawakukosea sana, maana ukoo nao hujua kukaba. Hata huo ukimya wa mama yako, sehemu yake ni uchungu wa mzazi, na sehemu yake nahisi ni hofu ya watakachosema akina mama wenzake Jumapili kwenye mnada wa ndizi za sadaka kanisani.

Kwa hiyo usione aibu kwamba uliokoka kwa kushikwa mkono. Mimi kidato cha tano niliokoka mara tatu, kila mara kwa kuvutwa na bweni tofauti. Mara mbili zilikuwa kelele tu. Moja imebaki mpaka leo, na aliyenivuta sijui hata yuko wapi.

Soma Yohana sura ya 4 mpaka mwisho wa habari ya yule mwanamke Msamaria. Tumezoea kuishia kisimani. Yeye ndiye aliyeuita mji mzima, lakini baada ya siku mbili watu wakamwambia: sasa hatuamini kwa maneno yako tu, tumesikia wenyewe. Hatusomi popote kwamba alinuna, wala kwamba aliwadai heshima ya kuwa mama yao wa kiroho. Aliwaleta, akawapisha. Rafiki yako naye alikufikisha kisimani, na kwa hilo mshukuru. Wasiwasi wangu ni huyu mtumishi aliyeishika ndoo na kamba yake, akakuambia huchoti mpaka aseme yeye.

Mjaribu, kwa adabu. Mwombe akuonyeshe andiko linalokukataza kumsalimia mama yako, kisha nyamaza usikilize. Mkifungua Biblia mkasoma pamoja, na ukiuliza tena akakuvumilia, basi una mchungaji, hata kama hamtakubaliana. Akikuambia una roho ya uasi, au usharika mzima ukapata habari kabla ya Jumapili, jibu umeshalipata. Watu wa Beroya walikuwa wakichunguza maandiko kila siku waone kama anachosema Paulo ni kweli, na Matendo ya Mitume yanawasifu kwa hilo.

Utaniambia kwamba waliookoka zamani nao waliyaona makanisa ya wazazi wao yamelala. Kweli. Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda hadi Bukoba na Kenya, ulisema maneno makali kuliko yako. Lakini angalia watu wale walivyojulikana: mtu akiokoka alirudisha alichoiba, akaenda kuungama kwa jirani aliyemkosea, akamwangukia mkewe. Wokovu uliwapeleka mlangoni kwa watu. Wako unakuzuia kupanda basi.

Kuhusu ndafu, sitajifanya kwamba mila zote ni sawa. Kukiwa na tambiko linalokukwaza dhamiri, sema mapema na kwa upole, ukae jikoni na wanawake, ule mtori. Hakuna atakayekufukuza. Lakini mbuzi wa Krismasi aliyeombewa na mwinjilisti ni mbuzi, mwanangu. Na hilo la masale kukuzuia kuolewa, mwulize mtumishi mbona wanawake wote wa Machame wameolewa na masale yapo kila kihamba, kila shamba la ukoo.

Kanisa usilihame kwa hasira, wala na rafiki yako usigombane, kodi mnalipa pamoja. Amua ukisharudi Januari. Ila ule ujumbe kwa mama haungoji Januari. Mpigie leo, usiandike. Usimweleze mafundisho yoyote. Mwambie umemkosea kwa namna ulivyosema, na kwamba unakuja. Mimi ni mtu wa Tanga, lakini nimeishi na Wachagga vya kutosha kujua kwamba hilo jani la sale unaloambiwa ulikimbie ndilo mnaloshika mkononi mnapoenda kuombana msamaha. Likumbuke ukifika.

Na tiketi kata wiki hii. Ukingoja tarehe 20, pale stendi ya Mbezi utakesha na begi lako.