Tagi katikati ya neno

SWALI: Ninaandaa kurasa za sarufi kwa ajili ya tovuti. Nimeandika si<b>ku</b>mwambia ili "ku" ionekane kwa wino mzito. Mwenzangu anashikilia kwamba tagi ya HTML, yaani alama kama <b> inayokiambia kivinjari kionyeshe maandishi vipi, lazima izunguke neno zima. Tena yeye husema "tagi hili", mimi "tagi hii". Nani kapatia?

JIBU: Umepatia yote mawili.

Kivinjari hakiongezi nafasi mahali tagi ilipo. Msomaji ataona sikumwambia likiwa neno moja, "ku" tu ndiyo imekolezwa. Cha kuchunga ni nafasi unazoziweka mwenyewe: ukiandika si <b>ku</b> mwambia, neno limekatika vipande vitatu. Na usisahau mkwaju (/) kwenye tagi ya kufungia. Bila </b>, wino mzito utatambaa hadi kwenye sentensi zisizohusika.

Kwa Kiswahili uhuru huu una faida kubwa, maana silabi moja huweza kubeba wakati, mtenda au ukanushi. Sikumwambia na sitamwambia zimetofautiana kwa "ku" na "ta" tu. Ukikoleza neno zima, mwanafunzi atajuaje atazame wapi? Hapo <b> ndiyo inayofaa, wala si <strong>, ingawa kwa macho zinafanana. <strong> hudai kwamba jambo lenyewe ni zito, kama onyo la "Usizime mashine". <b> huvuta jicho tu. Vivyo hivyo, <em> ni ya mkazo unaosikika mtu akisema, na <i> inafaa majina ya kisayansi kama Panthera leo, yaani simba.

Nje ya somo la sarufi, zuia mkono. Lugha yetu ina vyombo vyake vya kutilia mkazo: ndi-, tu, hasa, hata kupindua mpangilio wa maneno. "Yeye ndiye aliyeandika" imekwisha kusisitizwa. Yeye <strong>ndiye</strong> aliyeandika ni kupiga kelele mbele ya mtu anayekusikia vizuri. Kuna aya ambazo nusu nzima imekolezwa, na matokeo yake hakuna kinachojitokeza.

Kuhusu ngeli, maneno mengi ya mkopo yanayotaja vitu na yasiyobadilika katika wingi huingia I-ZI: tagi hii imefungwa, tagi hizi zimefungwa. Anayesema "tagi hili" ajiandae kusema "matagi haya", na sidhani kama mwenzako husema hivyo.

Kwa kuwa unaandika Kiswahili, jihadhari pia na ritifaa ya ng'. Ukiandika maelezo ya picha hivi, alt='Ng'ombe wawili', kivinjari kitadhani maelezo yameishia kwenye ritifaa, kibaki na "Ng" peke yake. Tumia alama za nukuu zenye vistari viwili: alt="Ng'ombe wawili".