Baiskeli mpya ya milimani: nunua fremu, mengine yatafuata

Mtu akishanunua baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, swali la kwanza huwa ni moja: nianze kubadilisha nini? Jibu langu huwakera wengi. Usibadilishe kitu chochote mpaka uwe umeiweka sawa kama ilivyo. Nimeona baiskeli za bei kubwa zikiendeshwa vibaya kwa sababu tu hakuna aliyewahi kugusa upepo wa shokapu tangu zitoke dukani, huku mwenyewe akihangaika kutafuta magurudumu ya kaboni.

Tuanze na kununua, maana kuna mambo mawili ambayo hakuna fundi atakayekubadilishia baadaye: umbo la fremu, na jinsi sehemu ya nyuma inavyobonyea. Vingine vyote vimefungwa kwa bolti, vinatoka na kurudi. Kwa hiyo ukiwa njia panda kati ya fremu nzuri yenye gia za kawaida na fremu ya wastani iliyopambwa kwa vifaa vya hali ya juu, chukua ya kwanza. Sijawahi kushauri kinyume cha hapo. Wauzaji wanajua macho ya mnunuzi hukimbilia kwenye gia ya nyuma, kwa hiyo hapo ndipo huwekwa kifaa cha kung'aa, halafu pesa zinabanwa kwenye foku (shokapu ya mbele inayoshika gurudumu), breki na tairi ambako huoni haraka.

Halafu kuna suala la mbonyeo, yaani gurudumu linaweza kupanda kiasi gani shokapu inapofanya kazi. Milimita 100 hadi 120 ni baiskeli ya mwendo kasi na milima mirefu ya kupanda. Kuanzia 130 hadi 150 inapanda vizuri na kushuka vizuri. Ya 160 au 170 imetengenezwa kwa miteremko mikali yenye mawe, na ikifika 200 hiyo ni ya kushuka tu, kupanda utaisukuma. Karibu kila ninayemfahamu hununua mbonyeo mwingi kuliko njia anazopita. Baiskeli ya milimita 170 kwenye njia laini inakuwa nzito na haina uhai. Unakanyaga, nguvu inamezwa, na ule utamu wa kucheza na ardhi unapotea. Nunua kwa ajili ya njia unayopita kila wiki, siyo ile unayoota kuipita siku moja.

Kuhusu saizi, sahau herufi za S, M na L. Kampuni mbili zinaweza kuandika M na zikatofautiana kwa milimita 20 au zaidi. Tafuta kwenye jedwali la vipimo namba inayoitwa reach: umbali wa mlalo kutoka usawa wa katikati ya kranki (mikono inayobeba pedali) hadi juu ya bomba la mbele linaloshika foku. Hiyo ndiyo inayokuambia utajisikiaje ukiwa umesimama juu ya pedali, na kwenye mteremko utakuwa umesimama. Kama unayo baiskeli unayoipenda, ipime kwa futi ya kamba kisha linganisha. Angalia pia urefu wa bomba la siti. Likiwa fupi, utaweza kuweka nguzo ya siti ya kushuka kwa kitufe yenye milimita 170 au 200, na kwangu mimi hicho kifaa kinashika nafasi ya pili kwa umuhimu baada ya shokapu zenyewe. Siti ikishuka kabisa, mwili unapata nafasi ya kusogea, na hofu nusu yake inaondoka.

Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu ya kiufundi. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ina upana gani? Milimita 148 ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Beringi za kranki zinafungwa kwa hesi au zimeshindiliwa ndani ya fremu? Mimi huchagua za hesi, kwa sababu zile za kushindilia zina tabia ya kulia zikiingia vumbi na kuzitoa ni kazi. Na kipande kinachoshikilia gia ya nyuma, kile kinachopinda baiskeli ikianguka, kinapatikana madukani au mpaka uagize kwa mwenye fremu?

Sasa imefika nyumbani. Chukua pampu ya shokapu, ile ndogo yenye geji inayofika psi 300 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), maana pampu ya tairi haifai hapa. Vaa kila kitu unachovaa ukiendesha: helmeti, viatu, begi la maji likiwa limejaa. Fungua swichi ya kufungia shokapu iwe wazi kabisa. Egemea ukuta, simama juu ya pedali kama unavyosimama njiani, dundadunda kidogo, kisha tulia. Sukuma ile pete ndogo ya mpira iliyo kwenye chuma cha shokapu mpaka iguse mwili wa shokapu, kisha shuka polepole bila kuibonyeza zaidi. Umbali ambao pete imesogea ndio mwinamo unaotokana na uzito wako, na mafundi wengi huuita sagi. Nyuma unatafuta asilimia 25 hadi 30. Kama chuma cha shokapu kina mwendo wa milimita 55, pete isimame kati ya milimita 14 na 16. Mbele huwa pungufu ya hapo, asilimia 15 hadi 20. Foku ya milimita 150 ishuke kama 25 au 30.

Kila ukiongeza upepo, bonyeza shokapu mara kadhaa kabla ya kupima tena. Ndani kuna vyumba viwili vya hewa, na visiposawazishwa geji itakudanganya. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanalalamika kwamba baiskeli leo iko hivi na kesho iko vile.

Baada ya upepo, kasi ya kurudi. Kile kitufe, mara nyingi chekundu, kinaamua shokapu irudi haraka au taratibu baada ya kubonyea. Kifunge hadi mwisho kwa upole, kisha kifungue huku ukihesabu mibofyo. Ikirudi haraka mno, baiskeli inakurusha. Ikirudi taratibu mno, inashindwa kuinuka kabla ya jiwe linalofuata, na baada ya mawe manne matano unakuta imekaa chini, ngumu kama haina shokapu kabisa. Hili la pili ndilo linalowasumbua wengi bila kujua, kwa sababu kwenye sakafu ya nyumba shokapu ya taratibu inaonekana tulivu na ya kupendeza. Tafuta kipande kifupi cha njia yenye mawe, kipite, badilisha mbofyo mmoja au miwili, kipite tena. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na andika. Daftari dogo lina thamani kuliko kumbukumbu yako.

Ukiona pete inafika mwisho kila safari hata kwenye vishindo vidogo, ingawa sagi iko sawa, usikimbilie kuongeza upepo. Fungua chumba cha hewa uweke kipande cha plastiki cha kupunguza nafasi, au mpe fundi akuwekee. Mwanzo wa mbonyeo utabaki laini, mwisho utakuwa mgumu zaidi. Ni kifaa cha bei ndogo sana kwa mabadiliko yanayoleta.

Hapo ndipo ruhusa ya kubadilisha vifaa inapokuja, na ningeanza na tairi. Ondoa tyubu, weka maji ya kuziba matundu, shusha upepo. Mtu wa kilo 75 anaweza kuanza na psi 22 hadi 24 mbele na 25 hadi 27 nyuma, halafu ajirekebishe kulingana na mawe yake. Tairi la mbele liwe la mpira laini unaong'ang'ania, kwa sababu la mbele likiteleza umeshaanguka. La nyuma liwe na mpira mgumu kidogo na ukuta mnene, maana ndilo linalogongwa na kuburuzwa. Yale maji ya kuziba hukauka. Ongeza mengine kila baada ya miezi michache, na kwenye joto kali mapema zaidi.

Breki nazo ni hivyo hivyo. Ukiwa mzito au unashuka milima mirefu, diski ya milimita 200 au 203 badala ya 180 inasaidia kuliko kubadilisha breki nzima, mradi foku na fremu yako vinaruhusu ukubwa huo. Diski na pedi mpya zizoeshe kwanza: enda kwa kasi ya wastani, punguza mpaka karibu usimame bila kufunga gurudumu, rudia kama mara 20. Na jua breki zako zinatumia mafuta gani. Nyingine hutumia mafuta ya madini, nyingine DOT, ambayo ni aina tofauti kabisa ya mafuta ya breki, na ukichanganya utaharibu mpira wa ndani.

Usukani nao huja mpana, mara nyingi milimita 780 au 800. Usiukate haraka. Sogeza grips (vishikio vya mikono) na mikono ya breki ndani kwanza, endesha hivyo wiki kadhaa, na ukiridhika ndipo uchukue msumeno. Ukubwa wa fremu, mikono na mabega vyote vinahusika. Hakuna namba ya kila mtu.

Gia, cheni, kranki, magurudumu ya kaboni? Acha. Viendeshe mpaka vichoke, kisha weka vizuri zaidi kidogo kuliko vya mwanzo. Kuwa tu na kipimo cha cheni. Kwa gia 12 badilisha cheni kikionyesha imerefuka asilimia 0.5, ukichelewa itakula na meno ya nyuma, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya cheni.

Baada ya safari chache za mwanzo, kaza tena bolti zote za viungo vya nyuma kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba zilizoandikwa kwenye fremu au kitabu chake. Viungo vipya hulegea wakati vinakaa mahali pake. Foku nayo, ikifika takriban saa 50 za kuendesha, fungua miguu ya chini, safisha, badilisha mafuta na sifongo zake. Ni kazi ya jioni moja, na mtu mwenye mkono mtulivu na seti ya spana anaweza kuifanya mwenyewe.