Monita inasema 100% lakini alfajiri boti iko gizani, ninunue betri zingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunaishi kwenye boti ya futi 57 hapa Uingereza, mfereji wa Grand Union, hatuna maegesho ya kudumu tunahamahama. Tuna betri nne za asidi za 110Ah (ampia-saa, kipimo cha umeme betri inaobeba) kila moja, hii ni seti ya pili na haijamaliza mwaka. Kila siku tunawasha injini saa moja, monita ya betri inapanda mpaka 100%, lakini alfajiri taa zinafifia, inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) inalia, friji imezima. Fundi mmoja kasema betri ni mbovu tununue nyingine. Mwingine kasema tuweke betri za lithiamu za mtandaoni tusahau shida. Mume wangu anataka tununue jenereta ndogo tuiwashe nyuma ya boti chini ya turubai mvua isiipate. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba dada yangu. Wiki hii usinunue kitu chochote, si betri, si lithiamu, si jenereta. Swali lako nalipata kila mwaka baridi ikianza, Novemba jua likishapotea simu yangu inakuwa betri betri betri, na karibu kila anayepiga yuko kwenye seti ya pili au ya tatu, alafu ukimuuliza zile za kwanza zilikufa kwa sababu gani anakwambia fundi hakusema. Hakusema kwa sababu hakupima. Alishika betri, akaona volti ziko chini, akauza nyingine, akaondoka.

Tuanze na hiyo 100% maana ndo inayowaponza watu. Monita haioni ndani ya betri. Inahesabu tu ampia zinazoingia na kutoka kupitia ile shanti, kipande cha kupimia ampia kilichofungwa kwenye waya wa hasi, alafu inalinganisha na ukubwa wa betri ulioandikwa siku inafungwa. Iliambiwa 440Ah basi itaendelea kuamini 440Ah hata kama betri zako leo zina uwezo wa kubeba 150 tu. Na kuna jambo la pili baya zaidi, monita inajirudisha yenyewe kwenye 100% pale inapoona volti zimefika kiwango fulani na ampia zimeshuka, na hicho kiwango cha kiwandani mara nyingi kiko chini mno, nakuta boti imewekwa volti 13.2 na hakuna aliyewahi kuigusa. Sasa wewe kama una sola juu ya paa, asubuhi jua linapiga kidogo volti zinapanda, wingu linapita ampia zinashuka, monita inasema tayari, betri imejaa. Wakati haijafika hata nusu. Ingia kwenye setingi upandishe iwe 14.2 hivi, na zile ampia za mwisho ziwe kama asilimia 2 ya ukubwa wa betri zako, hapo itaanza kukwambia kitu cha kweli kidogo.

Lakini hata monita ikisema kweli, saa moja ya injini haiwezi kujaza betri za asidi, haiwezi haiwezi, na hapa ndo penye imani inayonichosha kuliko zote kwenye kazi hii. Watu wanadhani kwa kuwa altaneta, ile inayozungushwa na injini ikazalisha umeme, imeandikwa ampia 70 basi saa moja ni ampia 70 zimeingia. Kwanza altaneta ikipata moto inashuka, na injini ikiwa inaunguruma taratibu haitoi hata hizo. Pili betri yenyewe inakataa. Inapakia kama daladala kituoni, wa kwanza wanaingia mbio, wale wa mwisho wanabanana mlangoni taratibu na hata ulete konda wa nguvu kiasi gani hawataingia haraka. Kutoka nusu mpaka asilimia 80 inakwenda vizuri, ile 20 ya mwisho inataka masaa manne, matano, wakati mwingine zaidi, volti zikiwa zimeshikilia 14.4. Na hiyo 20 ya mwisho ndo inayoamua betri itaishi miaka mitano au miezi kumi, kwa sababu ile salfeti ya risasi inayojengeka kwenye sahani za betri kila unapotumia umeme inatakiwa iyeyuke yote unapochaji, ukiiacha wiki baada ya wiki inakuwa fuwele ngumu na hairudi tena.

Piga hesabu yako sasa. Friji ya kawaida inayopitia inveta inaweza kula Ah 60 au zaidi kwa siku, inveta yenyewe ikiwa imewashwa tu bila kazi inakula ampia moja na nusu hivi, masaa 24 hiyo ni 36, weka pampu ya maji, taa, simu, hita ya dizeli na feni yake, unafika Ah 120 bila kufanya anasa yoyote. Saa moja ya injini imekurudishia labda 40. Kila siku unalala na deni la 80 na mwezi Desemba sola ya hapa Uingereza haina msaada wa maana. Kwa hiyo betri zako za kwanza hazikuwa mbovu zilipotoka dukani, zilikufa kwa kukosa chaji, na hizi za sasa ziko njia ile ile, ukinunua za tatu leo bila kubadilisha kitu zitakufa kabla ya kiangazi kijacho.

Cha kufanya ni hiki. Tafuta mita ya kawaida, za paundi 20 zinatosha. Injini ikiwa inawaka, pima volti pale nyuma ya altaneta, alafu pima pale pale kwenye vichwa vya betri. Ukikuta altaneta inatoa 14.4 na betri inapata 13.7, umeme unapotelea njiani, boti nyingi za zamani zina kile kigawanyio cha dayodi kinachogawa chaji kati ya betri ya stata ya kuwashia injini na betri za matumizi ya ndani, na dayodi inakula karibu volti 0.7 kila siku ya maisha yake. Au ni waya mwembamba, au terminali yenye kutu ya kijani, au mkanda unaozungusha altaneta umelegea, ukiona vumbi jeusi kuzunguka mkanda huo unateleza. Angalia pia waya mkubwa wa chanya na wa hasi zinatoka wapi. Ukikuta zote mbili ziko kwenye betri ya kwanza basi hiyo moja inafanya kazi ya nne na zingine zinasindikiza tu, chanya itoke kwenye betri ya kwanza na hasi itoke kwenye ya mwisho.

Baada ya hapo zichaji mpaka zijae kweli, yaani nenda marina yenye umeme wa nchi kavu ulaze boti huko usiku mzima au hata siku mbili, chaja ifanye kazi mpaka ampia zishuke chini ya 9 kwa ukubwa wa betri zako na zibaki hapo. Zitenganishe, kila moja peke yake, zikae masaa kadhaa bila mzigo ndo upime. 12.7 ni nzima, 12.2 ni nusu, na ukikuta tatu ziko sawa na moja iko 11 basi seli yake imekufa na usiku kucha hiyo moja ilikuwa inanyonya wenzake. Betri ikiwa ya moto mkononi au inanuka kama yai viza zima chaja, fungua madirisha, usiwashe kiberiti, itoe kwenye mfumo ikishapoa. Kama ni zile za kufungua vifuniko, ongeza maji yaliyosafishwa peke yake, siyo ya bomba na siyo asidi. Najua kwetu vijana wa kuchaji betri wanakuongezea asidi na betri inaonekana imefufuka, mita inapanda kwa kuwa asidi imekuwa kali, sahani zinaliwa na baada ya wiki chache mchezo umeisha. Na hizo dawa za vidonge na chumvi za kutia kwenye betri zinazouzwa mtandaoni, hapana.

Alafu punguza matumizi. Zima inveta ukienda kulala, hiyo peke yake utaiona tofauti kesho yake. Friji ya volti 12 ni ghali lakini kwa mtu anayehama hama inalipa kuliko betri mpya kila mwaka. Na unapohama, kwa kuwa sheria inakutaka usikae sehemu moja zaidi ya siku 14, fanya safari ndefu ya masaa sita saba kwa siku moja badala ya kusogea dakika 40 mara tatu. Injini iliyo safarini inachaji vizuri na inafika joto lake, kuliko kuungurumisha dizeli ukiwa umefunga kamba, na Canal & River Trust, wasimamizi wa mifereji, wanakataza kuwasha injini saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi ukiwa karibu na wengine.

Sasa huyo wa lithiamu. Mimi sizipingi, nazifunga kila mwezi, na kwa maisha kama yako zingefaa sana kwa sababu hazidhuriki kwa kukaa nusu nusu. Ninachopinga ni kishoka anayekwambia toa hizi weka zile, waya zile zile, altaneta ile ile. Lithiamu haikatai chaji kama asidi, inavuta kila kitu altaneta ilichonacho mfululizo, na injini ikiwa inazunguka taratibu feni ya altaneta haitoshi kuipoza, nimetoa altaneta zilizoungua koili mpaka zimekuwa nyeusi. Kingine, ile bodi ya ulinzi ndani ya betri ikiamua kukata ghafla wakati altaneta inatoa ampia 50, umeme unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu na dayodi za altaneta zinakufa, na taa zako na redio zinaweza kwenda nazo. Pia lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, na boti ya chuma mwezi Januari unajua mwenyewe ilivyo. Anayejua kazi atakufungia chaja ya kati inayopunguza ampia kutoka altaneta, au regulata ya nje yenye kipimo cha joto, atakuuliza fyuzi ya aina gani, atataka kuona waya zote kabla ya kutaja bei. Asiyeuliza chochote mfukuze, hata kama ni ndugu, hata kama ni bei nusu. Shida ya kazi hii ya umeme wa volti 12 ni kwamba mtu yeyote mwenye spana anaweza kujiita fundi wa boti, watu wanasema ah volti 12 haiui, ni kweli haitakupiga shoti, lakini betri nne zikigusana na spana bila fyuzi zinatoa mamia ya ampia na waya unawaka mwekundu ndani ya ubao wa boti unayolala.

Na jenereta chini ya turubai, hapo mwambie shemeji yangu hapana kabisa na mwambie nimesema mimi. Watu wanaofunga jenereta kienyeji, wanachonga bomba la moshi nyumbani, wanaifunika isipigwe na mvua, wanafanya hivyo kwa sababu wamechoka na baridi na betri mbovu, naelewa. Mwaka 2013 kwenye ziwa Windermere mama na binti yake walikufa wakiwa wamelala ndani ya boti kwa moshi wa jenereta iliyofungwa hivyo hivyo, bomba la moshi la kutengeneza wenyewe lilichomoka, na kengele ya hewa ya sumu ilikuwepo kwenye boti lakini haikuwa imeunganishwa na umeme. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, inaingia kwenye tundu lolote la mlango, na turubai la nyuma linaishikilia na kuisukuma ndani kwenu. Jenereta inakaa nchi kavu, mbali na boti yenu na ya jirani, upepo ukiitoa kwenu, la sivyo isiwashwe.

Toka Aprili 2019 ukaguzi wa usalama wa boti, Boat Safety, unadai kengele ya kaboni monoksidi kwenye boti zenye vyumba vya kulala, lakini cheti kinatolewa kwa miaka minne na kengele inaweza kufa katikati hapo. Leo kabla hujalala bonyeza kitufe chake cha kujaribia, geuza usome tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma, kama imepita hiyo ndo kitu pekee, ukiacha mita, nakuruhusu ununue wiki hii. Ukishapata namba za mita niandikie, ya altaneta na ya kila betri peke yake, na picha ya waya zilivyoungwa.